Nilikwenda Guatemala Kununua Iliki

Ukikaribishwa nyumba yoyote ya Riyadh, Muscat au Dubai ukamiminiwa kahawa kwenye finjani, kuna uwezekano mkubwa kwamba iliki iliyomo kwenye dele imelimwa na Wamaya. Watu wengi wa huku Ghuba hawalijui hilo. Nilipoanza kazi kwenye duka la jumla la viungo pale Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, wenzangu walikuwa wakimwambia mteja "hii ya India, mama", kwa sababu India ndiyo waliyozoea kuitaja, ilhali gunia limeandikwa Guatemala kwa herufi kubwa. Guatemala imekuwa muuzaji mkubwa wa iliki duniani kwa miongo kadhaa, na sehemu kubwa ya mzigo huo hutoka jimbo moja la milima na manyunyu liitwalo Alta Verapaz, kwa wakulima wadogo wa Kimaya wa jamii ya Q'eqchi'.

Mimi ni mtoto wa Muheza. Kwa babu mzaa mama, juu Amani, iliki ililimwa chini ya miti mikubwa ya msitu, na sisi wajukuu ndio tulioinamishwa kuichuma, maana iliki huzaa chini kabisa, kwenye vikonyo vinavyotambaa juu ya udongo. Bosi alipotafuta mtu wa kwenda Cobán, mji mkuu wa Alta Verapaz, kukagua mzigo kabla haujafungwa, aliniita mimi. Wengine dukani waliijua iliki ikiwa kavu, kwa rangi na kwa bei. Mimi niliijua ikiwa bado na matope.

Nilipoaga, kila mtu aliniuliza habari ya mapiramidi. Mmoja akasema, "Si walishakwisha hao? Si ndio waliosema dunia itaisha 2012?" Hawakwisha, na hilo la dunia kuisha hawakulisema wao. Sensa ya 2018 ilihesabu Wamaya zaidi ya milioni 6 Guatemala peke yake, yaani zaidi ya watu 4 katika kila 10, wenye lugha 22 zinazotambuliwa. Waq'eqchi' peke yao wamepita milioni 1. Wamaya wengine wako kusini mwa Mexico na Belize, na siku hizi Marekani pia, kwa sababu nitakayoieleza.

Nilikwenda mara nyingi, miaka kadhaa, kila msimu wa mavuno. Kuna jambo moja nililolisikia sana kwa watu wa mijini kule, na hata kwa wageni wa miradi: kwamba Wamaya hawa wameachwa nyuma, usasa haujawafikia, wanahitaji kufunguliwa macho. Kila nilipolisikia nilikuwa nikitazama magunia. Mtu ambaye kila punje anayoichuma inavuka bahari mbili na bei yake inapangwa na watu wa mabara matatu, huyo ameachwa nyuma na nani? Wamo ndani ya dunia hii ya kisasa tangu enzi za babu za babu zao. Suala ni waliingizwa kwa mlango gani, na karatasi zilibaki kwa nani.

Nianze na mzani.

Huko milimani upande wa Senahú watu huanza kushuka gizani, gunia mgongoni na mkanda wa kubebea umepita kwenye paji la uso, mikono imebaki huru kushika panga au mtoto. Barabarani anawasubiri mnunuzi, wao humwita coyote, ana pikapu na mzani wa kuning'iniza. Iliki mbichi haina subira. Ikilala kwenye gunia siku mbili inapata joto, ile kijani inayotakiwa na Waarabu inafifia, bei inaanguka. Kwa hiyo aliyeteremka nayo hawezi kupanda nayo. Coyote analijua hilo vizuri kuliko anavyoijua namba yake ya simu.

Nilisimama pembeni nikamtazama mama mmoja na kijana wake wa kama miaka kumi. Gunia lilipotundikwa, sindano ikatulia. Coyote akasoma kwa sauti, akakata ratili nane "za maji", kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha, akakata na ratili moja ya gunia lenyewe. Kisha akamimina iliki kwenye gunia lake, akamrudishia mama gunia tupu lililokwisha kukatwa uzito. Yule mama hakusema neno. Alihesabu noti mara mbili, akazikunja zikawa ndogo sana, akazichomeka kiunoni kwenye mkunjo wa sketi. Kijana ndiye aliyeuliza kitu kwa Kiq'eqchi', na mama akamjibu kwa ufupi. Mwalimu aliyekuwa akinitafsiria alikataa kunitafsiria lile jibu.

Kwetu tunaujua mchezo huu. Ndiyo lumbesa, ila imegeuzwa: kwetu gunia huvimbishwa, kwao huminywa. Na ile wanayoiita butura kule Kagera, kuuza kahawa ikiwa bado ua, ipo vilevile. Miezi ya katikati ya mwaka, mahindi ya akiba yamekwisha na mapya hayajakomaa, coyote huleta mahindi na fedha kidogo, na deni linalipwa kwa iliki ambayo bado haijachumwa, kwa bei atakayoipanga yeye. Nilikutana na watu ambao msimu ulipofika walikuwa wakivuna mali ya mtu mwingine katika shamba lao wenyewe.

Jambo lililonishangaza ni kwamba wao hawaitumii. Jikoni kwao kuna mahindi kwanza, halafu maharage, pilipili ya Cobán, kakao, kahawa nyepesi yenye sukari nyingi. Iliki ni zao la fedha tu, iliyoletwa na Mjerumani mmoja mwanzoni mwa karne ya 20 ikakubali ardhi. Mzee mmoja aliniuliza Waarabu wanaifanyia nini. Nikamweleza kahawa, dele, finjani, mgeni kumiminiwa mpaka atikise kikombe. Akauliza, "Kila siku?" Nikamwambia kila siku, na kila mgeni. Akakaa kimya akipiga hesabu kichwani. Akasema, kama wanakunywa kila siku basi hawawezi kuacha kununua, sasa mbona kuna miaka bei inaanguka mpaka tunaiacha ioze shambani?

Nilikuwa na jibu. Mvua ikiwa nzuri Kerala, India inavuna sana. Wanunuzi wa Ghuba hujaza maghala kabla ya Ramadhani na baada ya hapo wanakaa kimya. Wauzaji nje wa Cobán wanapigiwa simu mapema, coyote anapigiwa baada yao, na mkulima anapata habari akiwa tayari gunia limetundikwa. Nilimweleza yote hayo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa hiyo kila mtu ana simu isipokuwa anayelima. Simu alikuwa nayo, tena nzuri kuliko yangu ya kwanza. Alimaanisha mtu wa kumpigia.

Iliki yenyewe nayo ina maradhi yake. Kuna kidudu kidogo, thripsi, kinachokwaruza ganda likatoka na makovu, daraja linashuka. Mashine za kukaushia zinakula kuni usiku na mchana, na msitu unaoipa iliki kivuli ndio huo huo unaokatwa kuikausha. Sisemi wakulima ni malaika wa mazingira, hilo ni jambo wanaloandika watalii. Mwenye njaa hukata mti.

Halafu Novemba 2020 zikaja tufani mbili, Eta na Iota, katika mwezi mmoja. Kijiji cha Quejá, cha Wamaya wa Poqomchi' katika wilaya ya San Cristóbal Verapaz, kilifunikwa na mlima ulioporomoka. Mimi sikuwapo wakati huo, mipaka ilikuwa migumu kwa sababu ya korona, lakini nilizipokea picha kwa simu. Mteremko mzima ulikuwa umebaki wekundu mtupu. Dukani Deira swali la kwanza lilikuwa mzigo utachelewa kiasi gani.

Sasa hiyo milango na karatasi.

Mtu wa Usambara akifika Cobán hawezi kuyakwepa majina ya Kijerumani. Yapo kwenye mashamba ya zamani, kwenye makaburi, kwenye koo za watu. Miaka ya 1870 serikali ya Justo Rufino Barrios iliamua nchi iwe ya kahawa. Ardhi iliyomilikiwa na jumuiya za Kimaya ikahesabiwa haina mwenyewe, ikapimwa, ikauzwa, na Wajerumani walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa Alta Verapaz. Watu waliamka asubuhi wakiwa ndani ya shamba la mtu. Waliruhusiwa kubaki na kupanda mahindi yao kwa masharti ya kufanya kazi kwenye kahawa, na kama mikono haikutosha, sheria ya 1877 ilimpa mwenye shamba haki ya kuomba serikali impelekee watu. Rais Jorge Ubico akaongeza sheria ya uzururaji ya 1934: asiye na ardhi ya kutosha lazima awe na kijitabu kinachoonyesha siku alizofanya kazi kwa wengine, la sivyo anakamatwa.

Mwalimu aliponieleza habari ya kile kijitabu nilimwambia sisi tulikiita kipande. Wajerumani walipanda kahawa Usambara mwishoni mwa karne ya 19, na wazee wetu nao walisainiwa siku zao. Lakini kuna tofauti ambayo ilinichukua muda kuielewa. Kwetu aliyechukua ardhi alikuwa mgeni, na siku moja aliondoka na bendera yake. Guatemala ilikuwa huru tangu 1821. Ardhi ya Wamaya ilichukuliwa baada ya uhuru, na serikali ya nchi yao, kwa sheria za nchi yao, kwa hiyo hakukuwa na siku ya kusubiri mkoloni aondoke. Mwaka 1952 Rais Jacobo Árbenz alianza kugawa mashamba makubwa kwa wasio na ardhi. Mwaka 1954 alipinduliwa, Wamarekani wakiwa nyuma ya mapinduzi, na mashamba mengi yakarudishwa kwa wenyewe wa zamani.

Kuna kijiji kimoja juu ya bonde la Polochic ambacho sitakitaja jina, kwa sababu kesi yao bado iko mahakamani. Nilikuwa nimewazoea kwa iliki yao, ni safi na wanaichuma kwa wakati. Usiku mmoja kamati ya ardhi iliniita. Nadhani waliona mtu aliyetoka Dubai lazima ana uzito mahali fulani. Tulikaa kwenye ukumbi wa kanisa, taa ya sola ndogo imening'inizwa kwenye boriti, mafundo ya ubani wao, pom, yakifuka kwenye chungu. Kabla ya kufungua jambo kubwa huomba ruhusa kwa mlima, Tzuultaq'a, kama wanavyoomba kabla ya kupanda mahindi. Hakuna aliyeona ajabu kwamba kanisa lina msalaba na chungu pamoja, na mimi mtu wa Tanga, niliyelelewa na harufu ya ubani, nilijisikia nyumbani.

Mzee akaleta furushi la nailoni. Ndani kulikuwa na nailoni nyingine, na ndani ya hiyo karatasi. Stakabadhi za malipo kwa ile taasisi ya serikali iliyokuwa ikigawa ardhi zamani, za miaka ya 1970 na 1980. Ramani ya mpimaji. Barua zenye mihuri, zote kwa Kihispania. Mzee hakujua kusoma, lakini hakuwa na haja ya kuambiwa ipi ni ipi. Alizitambua kwa mikunjo na madoa. Hii ni ya mwaka tuliouza nguruwe wote. Hii aliileta marehemu baba akiwa amelowa, tazama wino ulivyosambaa. Hii ni ya mwaka waliomchukua kaka yangu.

Waliomchukua ni jeshi. Hapa lazima nitoe historia kidogo, kwa sababu bila hiyo yale makaratasi ni makaratasi tu. Tarehe 29 Mei 1978 Waq'eqchi' waliteremka Panzós, mji wa bonde lile, kupeleka malalamiko yao ya ardhi. Wanajeshi waliwafyatulia risasi uwanjani, wakafa zaidi ya watu 50. Mwanamke aliyekuwa mbele, Adelina Caal, wanayemwita Mamá Maquín, aliuawa pale pale. Vita vya ndani vya Guatemala vilikwenda tangu 1960 mpaka mkataba wa amani wa Desemba 1996. Tume ya ukweli iliyotoa ripoti 1999 ilikadiria waliouawa na waliopotezwa kuwa zaidi ya 200,000, na kati ya waliotambuliwa 83 katika kila 100 walikuwa Wamaya.

Si mbali na kijiji hicho ndiko kuna Sepur Zarco. Wanaume wa pale walikuwa wamefuatilia hati za mashamba yao, wakachukuliwa. Kisha wake zao wakageuzwa watumwa kwenye kambi ya jeshi, kupika, kufua na kubakwa kwa zamu. Wanawake hao, wakiwa bibi tayari, walikwenda mahakamani wamejifunika nyuso kwa mitandio, na Februari 2016 afisa wa zamani wa jeshi na aliyekuwa kamishna wa kijeshi, raia aliyelitumikia jeshi, wakahukumiwa, wa kwanza miaka 120, wa pili 240. Dunia ilishangilia, na ilistahili. Lakini jambo lililowatia wale waume matatani, ardhi, ndilo lililoendelea kusubiriwa miaka baada ya hukumu.

Kwa hiyo katika ukumbi ule kuomba hati halikuwa jambo la kwenda dirishani na picha mbili za pasipoti. Walioomba kabla yao walikufa kwa kuomba. Na si mambo ya zamani. Machi 2011 zaidi ya familia 700 za Waq'eqchi' zilifukuzwa Polochic kupisha miwa, mahindi yakafyekwa na vibanda vikachomwa. Siku hizi ukipita bondeni unaona michikichi kwa safu, kilomita baada ya kilomita, na wenye mahindi wamesukumiwa juu kwenye miamba. El Estor, ng'ambo kidogo, kuna mgodi wa nikeli ambao Mahakama ya Katiba iliamuru 2019 usimamishwe kwa kuwa jamii haikushauriwa, na 2021 walioandamana kudai amri hiyo iheshimiwe walikutana na hali ya hatari na askari mitaani.

Wapo walioshinda. Agua Caliente, jamii ya El Estor, walianza kutafuta hati tangu miaka ya 1970, na Desemba 2023 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilitangaza hukumu dhidi ya Guatemala. Mzee alikuwa ameisikia redioni. Alikuwa ameshapiga hesabu kwamba kwa mwendo huo kesi yao itaamuliwa akiwa na umri wa miaka mia na kitu.

Umeme niupitie haraka. Mto Cahabón umewekewa mabwawa ya umeme mengi kiasi kwamba sehemu nyingine umebaki vijito, na Alta Verapaz ndilo jimbo lenye nyumba chache zaidi zilizounganishwa umeme nchini. Nyaya zinapita juu ya paa za watu. Bernardo Caal Xol, mwalimu wa Kiq'eqchi' aliyewaongoza watu mahakamani kudai washauriwe juu ya mabwawa hayo, alifungwa 2018 na hakutoka mpaka Machi 2022.

Lugha ni jambo nililoliona zaidi kwa vile nilikuwa mgeni wa lugha mwenyewe. Kisheria, tangu 2003 lugha za Kimaya zina haki ya kutumika katika huduma za serikali. Siku moja nilimsindikiza mke wa mkulima kwenye kituo kimoja cha afya, mtoto ana homa. Muuguzi aliuliza maswali kwa Kihispania, mama akawa anaitikia "sí" kwa kila swali. Anatapika? Sí. Hatapiki? Sí. Kihispania changu cha sokoni kilitosha kuona kwamba fomu inajazwa mambo yanayopingana. Nilimwita mwalimu kwa simu, akatafsiri kwa spika, na kumbe mtoto alikuwa na siku tano hajala. Watoto wa chini ya miaka 5 Guatemala karibu nusu wamedumaa kwa lishe duni, na kwa Wamaya ni zaidi ya nusu. Mkoa unaolisha meza za kahawa za Ghuba haujalishi watoto wake, na hapo mimi ni sehemu ya mnyororo, siwezi kujitoa.

Nilipoona bei inavyopotea njiani nilijaribu kununua moja kwa moja kwa kile kijiji. Kampuni yangu ilikubali kwa shingo upande. Tukakubaliana daraja, uzito, na kwamba kila mzigo utakuwa na risiti yenye jina la kijiji, tarehe na ratili, kitu ambacho coyote hakupata kuwapa. Walikuwa na nia, walikuwa na vijana wa kuhesabu. Walichokosa ni mashine ya kukaushia. Mashine inahitaji mkopo. Benki inahitaji hati ya ardhi. Tulizunguka mle mle mpaka nikaona kwa nini kila mradi wa wafadhili niliousikia pale uliishia kwenye semina. Unaweza kumfundisha mtu usimamizi wa fedha mwaka mzima, akitoka darasani benki itamuuliza hati. Mwisho walikausha kwa kukodi mashine ya tajiri mmoja wa karibu, ambaye alikata chake, na bado walipata kuzidi bei ya barabarani. Bosi wangu alisema biashara si sadaka. Nikamwonyesha daraja la mzigo, akanyamaza.

Benki inakataa, lakini kuna mkopo ambao haukataliwi. Kijana aliyekuwa akinisaidia kuchambua iliki, mwepesi wa hesabu, siku moja hakuja. Baba yake alikuwa amekopa kwa mtu binafsi, riba ya kila mwezi, akaweka rehani haki yake ya kutumia kipande cha shamba, haki inayojulikana kijijini tu, ili kumlipa msafirishaji wa kwenda Marekani. Hesabu yake ilikuwa na mantiki: iliki hailipi, shule imeishia darasa la sita, na jirani aliyekwenda amejenga nyumba ya tofali. Watu wa Alta Verapaz wamekuwa wakiondoka hivyo kwa wingi, na safari yenyewe inaua. Desemba 2018 mtoto wa Kiq'eqchi' wa miaka 7, msichana, alifariki akiwa mikononi mwa walinzi wa mpaka wa Marekani. Baba yake aliyekuwa naye alikuwa anazungumza Kiq'eqchi', na fomu walizompa asaini zilikuwa za Kiingereza. Kijana wetu alifika. Anapaka rangi nyumba za watu, na fedha zake za mwanzo zote zimekwenda kwenye riba.

Ikiwa nimekuchorea watu wanaoonewa na kunyamaza, nakuomba ufute picha hiyo. Oktoba 2023 ndipo nilipowaona vizuri. Bernardo Arévalo alikuwa ameshinda uchaguzi, na ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu, María Consuelo Porras, ikawa inatafuta kila njia ya kuutengua ushindi. Waliosimama kuzuia hawakuwa vyama vya siasa. Walikuwa viongozi wa jadi wa Kimaya, wa Totonicapán wakiwa mbele, na fimbo zao za uongozi. Barabara kuu zilifungwa karibu nchi nzima, na mbele ya ofisi ya mashtaka walipiga kambi siku 106, mpaka Januari rais akaapishwa.

Mzigo wangu ulikwama wiki kadhaa, mwanzo kabisa wa mavuno. Bosi alinipigia akifoka. Wakulima nao walikuwa wanapoteza, iliki inaiva haingoji siasa. Nilimuuliza mzee wa kamati kama hawaoni hasara. Alisema hasara wanaiona, wameizoea kuipata kwa ajili ya watu wengine, safari hii ni yao. Wanawake walikuwa wakikanda mahindi alfajiri na kupeleka chakula kwenye kizuizi cha barabarani, kwa zamu, zamu imeandikwa kwenye daftari la shule. Nimefanya kazi na makampuni yenye mipango duni kuliko lile daftari.

Mwaka uliofuata mavuno yalikuwa haba, ukame na thripsi vilishirikiana, na bei ya iliki ikapanda duniani kwa namna ambayo hata wazee wa Deira walishangaa. Nilidhani ni neema. Kwa kijiji kile ilikuwa pia ndiyo miezi watu wa yule anayedai kuwa mwenye shamba walipoanza kutokea tena, wakipima, wakipiga picha, wakisema hapa pamekuwa msitu mtupu siku zote, hakuna aliyewahi kulima. Ardhi isiyo na thamani haina wagombea wengi.

Mzee alinipigia mwenyewe, mwalimu akitafsiri. Hakuuliza bei. Aliuliza kama bado ninazo zile risiti za mizigo, zenye jina la kijiji na tarehe, kwa sababu wakili anasema mahakama inataka ushahidi wa maandishi kwamba ardhi ile inalimwa na inalimwa na wao, na coyote hajawahi kuandika kitu. Nilizitafuta kwenye faili za ofisi, nikazitoa nakala zote, nikaandika na barua yenye muhuri wa kampuni. Kumshawishi bosi atie saini kulichukua muda, aliogopa kuingizwa kwenye kesi ya watu. Wakili alipoipata alijibu siku hiyo hiyo: barua nzuri, lakini tafadhali iandikwe upya kwa Kihispania, na kila msimu uwe na mstari wake.